Jiwe Tulilokuwa Tukiliamkia

Katika kitabu ninachofundishia jiografia kuna picha ya jiwe kubwa lililokaa peke yake katikati ya nyasi, nchi ya mbali yenye baridi. Maelezo yanasema lilibebwa na mto wa barafu kutoka milimani, barafu ikayeyuka, jiwe likabaki. Kila nikifika kwenye ukurasa huo, hapa Newala, lazima mwanafunzi mmoja anyooshe mkono. "Mwalimu, na lile la Masasi? Nalo lililetwa na barafu?" Najibu kwamba huku barafu ya namna hiyo haikutubebea kitu. Lile halikuletwa. Lilikuwa hapo hapo, chini ya udongo, na udongo ndio ulioondoka. Wanaandika kwenye madaftari yao na hakuna anayeniamini, kwa sababu kila mmoja ana bibi yake anayejua kwamba jiwe lile lilitembea.

Liko kwenye bega la kilima, nje kidogo ya Masasi, upande wa kwenda Lukuledi, juu ya kijiji alichozaliwa mama yangu na anachoishi mpaka leo. Ukubwa wake ni wa nyumba ya vyumba vinne, na limekalia kipande kidogo sana cha mwamba, hata mgeni akilipita hujikuta anatembea kwa kunyata. Watu wa huko wanasema zamani lilikuwa juu huku kwetu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde. Huku juu hakuna maji, kila mtu anajua, bibi zetu walishuka bondeni na vyungu alfajiri wakarudi jua la saa sita. Basi jiwe nalo likashikwa na kiu, likaanza kushuka usiku, mpaka jogoo alipowika likaona aibu likaketi. Baba yangu alikuwa Mmakonde wa Mkunya, na wajomba zangu, Wamakua, hawakumwachia nafasi ya kupumua. "Nyie Wamakonde hata mawe yenu yanakimbia," walikuwa wakimwambia, naye alikuwa akiwajibu kwamba lilipofika kwa Wamakua likakosa mtu wa kumuuliza njia, ndiyo maana likakaa.

Mama ana habari yake tofauti. Anasema jiwe halikuwa na kiu. Lilikuwa na mtoto, kijiwe kidogo, kikabingirika kutoka ukingoni kikapotea, na mama mtu akashuka kukifuata. Alipofika pale akachoka, akakaa amngoje. Kwa kuwa limekaa miaka yote likimngoja mmoja, linajua nani yuko njiani na nani hayuko. Kwa hiyo ukiwa na mtu wako aliyeondoka na habari zake zimekatika, unaliuliza. Unalipelekea unga wa mtama, unaumimina chini yake jioni, unga unasimama kama kichuguu kidogo, na asubuhi unakwenda kuangalia. Ukiukuta umesimama vile vile, mtu wako yuko hai. Ukiukuta umebomoka, rudi nyumbani ukamsomee hitima.

Na ni lazima uliamkie. Hilo tulifundishwa kabla ya kufundishwa kusoma. Unapofika unasimama, unasema shikamoo, ndipo unapita. Mdogo wangu alikuwa na miaka saba hivi alipogundua kwamba nyuma ya jiwe kuna upenyo wa kutosha mtoto mmoja. Tukitoka kuokota kuni akawa anatangulia mbio, anajibanza humo, na mimi nikifika nikisema shikamoo, sauti nzito inatoka kwenye mwamba: "Marahabaaa." Mara ya kwanza nilitupa kuni zote nikakimbia mpaka nyumbani. Baadaye nilijua, lakini sikumwambia kwamba nimejua. Nilikuwa naamkia, nangoja kuitikiwa, halafu ndiyo tunakwenda.

Miaka sita iliyopita alivuka Mto Ruvuma kwenda kutafuta maisha Msumbiji. Alikuwa akipiga simu kila baada ya wiki mbili, akiuliza kwanza magoti ya mama, halafu mechi. Vurugu zilipoanza upande ule alipiga mara moja, akasema atahama, kisha namba yake ikawa haipatikani. Mwaka wa tatu nilijaribu tena, akapokea mwanamke, akasema maneno ya Kireno, akakata. Watu waliniuliza nimelipokeaje jambo hili. Nililipokea kama barua ya uhamisho: niliisoma, nikaiweka kwenye faili, nikaingia darasani kipindi cha pili. Sikulia. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nilikuwa nakaa kitandani nikijipa dakika kumi za kulia, dakika kumi zinapita, nasahihisha madaftari.

Mama naye hakulia, lakini yeye alikuwa na sababu: hakuna aliyekufa. Kila jioni alipopika alitenga ugali na mboga ya mdogo wangu, akafunika kwa kawa, akaweka juu ya meza ndogo karibu na mlango. Asubuhi aliufunua, akawamwagia kuku. Kuku wake walinenepa kwa kumngoja mdogo wangu, na walijua saa. Alfajiri ukifungua mlango walikuwa wamekwisha panga foleni.

Mwaka huu, mwezi wa sita, shule zilipofunga, mama alinipigia. Alisema mjomba na wanawe wamemjia mara ya tatu kuhusu hitima. Wanasema mtu hawezi kukaa katikati namna hii, si wa dua ya walio hai wala ya marehemu. Mjomba ndiye mwenye sauti kwenye ukoo wetu, lakini unga ni wa mwanamke mkubwa, na mwanamke mkubwa ni mama. Hakuna hitima kabla hajauliza.

"Njoo," aliniambia. "Mtama nimeshautwanga. Mimi magoti hayapandi tena kule."

Nikashuka na basi la asubuhi. Masasi nilichukua bodaboda, kijana mmoja niliyewahi kumfundisha, akanisalimia shikamoo mara mbili na kukataa nauli mpaka nilipokasirika. Njia nzima mikorosho ilikuwa inapulizwa dawa. Mashine zilinguruma mashambani na salfa ilitanda kwenye majani na kwenye nguo zetu. Nilipofika mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda, au ni hilo gauni?"

"Ni gauni."

"Basi litupe."

Unga ulikuwa kwenye kibakuli cha bati chenye mfuniko. Aliufungua, akauinamia, akazungumza nao kwa Kimakua kwa muda mrefu, polepole, kama anayemweleza mtu njia ya kufika mahali. Nilisikia jina la mdogo wangu, na la bibi, na la bibi mzaa bibi. Akafunika. Kisha akaniangalia na kusema kwa Kiswahili, kwa sababu mimi Kimakua changu ni cha kuokoteza, "Umimine mara moja. Usitengeneze kwa mkono. Usimame wenyewe." Alipomaliza aliswali alasiri, hapo hapo juu ya mkeka. Shehe wa msikiti wao hapendi mambo ya unga na ameshamwambia. Mama humjibu kwamba Mungu ndiye anayejibu, jiwe ni mahali pa kungojea jibu tu.

Nilipanda saa kumi na moja jioni. Nilikuwa sijafika kule miaka mingi, na nilitegemea kusikia kitu moyoni, hofu au majonzi, chochote. Nilihema tu. Jiwe lilikuwa pale pale, na ukoga wake wa kijivu uliotambaa kama kuvu, na kwenye upenyo wa nyuma palikuwa na chupa tupu za maji. Nikasimama.

"Shikamoo," nikasema.

Nikajikuta nangoja. Nilingoja kama dakika nzima, mtu mzima, mwalimu, na kibakuli mkononi. Halafu nikamimina unga mara moja kama nilivyoambiwa. Ulisimama vizuri. Nikashuka kabla giza halijaingia.

Jioni hiyo mama hakuzungumza habari ya jiwe. Alipika ugali wa mtama ule ule aliobakiza, na kisamvu. Akatenga sehemu ya mdogo wangu, akafunika kawa. Nilikula, nikalala usingizi mzito bila ndoto.

Alfajiri nilipanda tena. Mashine za salfa zilikuwa zimeanza, maana umande ukiwa kwenye majani ndiyo dawa inashika. Nilifika jiweni jua likichomoza, na nikaona kabla sijakaribia. Hapakuwa na kichuguu. Unga ulikuwa umesambaa kwenye mwamba, mwingine umelambwa, na kila mahali alama za kwato za mbuzi, na kinyesi chao kipya pembeni.

Ni mbuzi tu, nilijiambia. Mtu hawezi kutangazwa amekufa na mbuzi. Lakini mama hakuniambia ukibomolewa na nani. Aliniambia ukibomoka.

Nilikaa kwenye mwamba. Nilijua pale pale kwamba sasa ndiyo wakati wa kulia, hakuna atakayeniona, hata mbuzi wameondoka. Nilingoja. Hakikuja kitu. Kilichokuja kilikuwa kazi, na kazi mimi naiweza. Nikasimama, nikafagia mwamba kwa tawi la majani mpaka ukawa safi, nikashuka upande wa pili wa kilima ambako mama hawezi kuniona. Kuna duka kwenye njia panda. Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye kitenge cha kanisa, alikuwa ndiyo kwanza anafungua.

"Naomba unga nusu kilo."

"Sembe au dona, mwalimu?"

"Sembe," nikasema. Nilifikiri kabisa kabla ya kujibu. Nilifikiri sembe ni mweupe zaidi, utaonekana vizuri kwenye picha.

Picha lilikuwa wazo langu. Mama angeniuliza, na mimi sijui kusema uongo kwa mdomo, tangu utotoni uso unanisaliti. Simu haina uso. Nikapanda tena, nikamimina sembe mahali pale pale, mara moja, kwa adabu zote, bila kuugusa kwa mkono. Ukasimama. Nikapiga picha tatu, nikachagua moja ambayo jiwe linaonekana lote na unga uko chini yake, kichuguu kizuri kisicho na ufa. Kabla ya kuondoka nikasema shikamoo tena. Nilisema kwa sauti kubwa safari hii, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo taa inawaka. Mashine zilinguruma bondeni. Hakuna aliyeitika.

Mama alikuwa kwenye mkeka wake nilipofika. Hakuniuliza. Nilimpa simu. Macho yake hayana shida hata kidogo, anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Aliishika kwa mikono miwili akaitazama, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Umesimama," akasema.

"Umesimama, mama."

"Haujaanguka hata upande."

"Hata upande."

Aliendelea kutazama. Nilidhani ananyonya furaha polepole, na nikaona nimefanya jambo zuri. Kisha akanirudishia simu, akajiinua kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Alirudi na ungo. Kwenye ungo palikuwa na unga uliobaki jana, viganja kama vitatu, akauweka chini mbele yangu na kuanza kuutoa wishwa kwa vidole, kama mtu mwenye asubuhi nzima ya kufanyia kazi hiyo.

Unga wa mtama wa mama yangu ni mwekundu. Anapanda ule mtama mwekundu, kila mwaka, mbegu aliyoachiwa na mama yake, na unga wake una rangi ya udongo wa njia ya kwenda Newala. Nimeula utoto wangu wote. Nilikuwa nimeumimina jana yake kwa mikono yangu miwili. Mimi ndiye nafundisha watoto wa watu kutofautisha rangi za udongo kwa macho. Lakini nimenunua sembe dukani miaka ishirini, na kwa mtu wa kununua dukani unga ni mweupe. Niliutazama ungo, nikatazama simu, uso wangu ukanisaliti.

"Mbuzi, au upepo?" mama akauliza. Hakuinua macho.

"Mbuzi."

"Wa nani?"

"Sijui, mama."

"Watakuwa wa kule kwa fundi baiskeli. Hawafungi." Akatoa wishwa mwingine. "Uliuona umebomoka kabisa?"

"Kabisa."

"Na jiwe uliliamkia?"

"Niliamkia. Jana, na leo."

"Likaitika?"

Nikamtazama. Miaka yote nilidhani ile ilikuwa siri yetu wawili, mimi na mdogo wangu.

"Alikuwa anarudi na ukoga wa jiwe mgongoni," mama akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nafua yale mashati. Likaitika?"

"Hapana, mama. Halikuitika."

"Basi."

Aliacha ungo. Mikono yake ikabaki juu ya mapaja, ina vumbi jekundu. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaanza, akanizuia kwa kiganja. Nilitaka kumwambia kwamba nilifanya kwa ajili yake, na hapo hapo nikajua kwamba si kweli. Nilifanya kwa ajili yangu. Unga ukisimama, mdogo wangu anabaki Msumbiji, na mimi nabaki kama nilivyo, sidaiwi machozi na mtu. Niliona aibu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kusikia kitu chenye jina.

"Mpigie mjomba wako," akasema. "Mwambie Ijumaa. Mwambie mchele nitatoa mimi, yeye alete watu wa kusoma."

Nikapiga. Mjomba akasema innalillahi, akauliza unga ulikuwaje. Nikamwambia ulibomoka. Sikusema mbuzi. Mama alikuwa ananisikiliza, akakubali kwa kichwa kwamba nimesema sawa. Alikuwa bado hajalia. Akaniomba maji ya kunawa, akanawa, akajifunika ushungi mpaka usoni, akageukia ukuta. Alilia hapo, bila sauti kubwa, muda mrefu. Nilikaa nyuma yake nikamshika mgongo. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka chini ya kiganja changu na mimi nilikuwa nahesabu matofali ya ukuta, sijui kwa nini, mpaka majirani walipoanza kuingia.

Siku ile ilijaa watu. Waliamkia, walikaa, waliniambia pole, nikasema nimeshapoa, maana ndivyo mtu anavyosema. Mke wa fundi baiskeli naye alikuja, akaleta mihogo na akalia kweli kweli, na mama akamshukuru bila kumwambia neno kuhusu mbuzi. Jioni wanawake walipika. Walipopakua mama aliwaangalia, wakampa sahani yake, wakanipa yangu. Kawa ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Hakuna aliyeishusha.

Asubuhi niliamka wa kwanza. Nikaondoa komeo, nikafungua mlango. Kuku walikuwa wamekwisha jipanga nje, kama kawaida yao, saba, vichwa juu, wanautazama mkono wangu. Nilikuwa sina kitu mkononi. Hawakuondoka. Walisimama pale wakingoja sahani ya mdogo wangu, na mimi nikakaa chini kwenye kizingiti nikalia mpaka mama akaamka.